Laibon, Orkoiyot na Omung'osi: Mgogoro wa Kumtaja Shujaa Mwenye Uganga

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo la istilahi ambalo mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kulikabili: aitweje mhusika ambaye nguvu zake za vita hazitenganiki na nguvu za uganga? Kiswahili kina shujaa, jagina, mganga, mtabiri, nabii na mchawi. Hakina neno moja linalokubaliwa na wote kwa mhusika huyo. Pengo hilo hujazwa kwa maneno ya kuazima, na uazimaji huzua ubishi. Tunadai kwamba ubishi huo si wa msamiati tu. Katika historia ya Kenya, neno lililotwaliwa kwa jamii moja na kubandikwa nyingine liliwahi kuandikwa sheriani na kuwahamisha watu makwao.

2. Mfano wa gish

Ili tatizo lionekane wazi, tuanze na mfano wa mbali. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974, wachezaji huigiza wahusika wa kubuni, na tangu awali mpiganaji alitofautishwa na mwenye ulozi. Mwaka 1981, kitabu cha mchezo huo kiitwacho Fiend Folio kilitumia neno gish kwa baadhi ya githyanki, jamii ya kubuni, waliounganisha kazi hizo mbili. Baadaye wachezaji walilitumia kwa mhusika yeyote wa aina hiyo, awe wa jamii yoyote. Wapo wanaopinga: kwao, gish ni cheo cha githyanki peke yao. Wengine hujibu kuwa matumizi ndiyo huamua maana. La ajabu ni kwamba hata jina githyanki lenyewe ni la kuazima: mbunifu wake, Charles Stross, alilitoa katika riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 1977.

Ubishi huo haujamdhuru mtu. Hata hivyo, unatupa swali tunalolihitaji: je, jina la cheo cha jamii moja laweza kuwa jina la aina nzima ya watu?

3. Neno lililogeuka sheria

Maofisa wa kikoloni walilijibu swali hilo kwa kukubali, pasipo kuuliza. Oloiboni ni neno la Kimaasai. Kwa tahajia yao likawa laibon, nao wakalitumia pia kwa orkoiyot wa Wanandi na Wakipsigis. Walikuwa na kisingizio, kwani yapo masimulizi yanayounasibisha ukoo wa Talai, walikotoka orkoiyot, na Wamaasai. Lakini asili ya ukoo si maana ya cheo. Orkoiyot alitabiri, akaidhinisha uvamizi na kupokea sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Mkuki ulishikwa na murenik, yaani wapiganaji. Uwezo wa vita uligawanywa kati ya pande mbili zilizotegemeana. Neno laibon, kama lilivyotumiwa na watawala, liliufuta mgawanyo huo na kumwacha mtu mmoja wa kutisha: mchawi anayeongoza vita.

Mtu huyo wa kubuni aliadhibiwa kwa damu ya watu halisi. Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa wale walioitwa malaibon, na mamia ya watu wa ukoo wa Talai, wake kwa watoto, wakahamishwa kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Ukoo mzima ulihukumiwa kwa jina ambalo halikuwa lake.

4. Lwakhakha na viunga vyake

Kwa mtafiti wa istilahi, Lwakhakha ni mahali pa kufaa mno. Katika mji huu wa mpakani, Wabukusu wa Kenya na Wamasaba wa Uganda hutenganishwa na mto, na Wasabaot wako jirani kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Wabukusu hutofautisha omung'osi, anayetabiri. Omufumu, anayepiga ramli. Na omulosi, anayedhuru. Mfasiri anayewaita wote "waganga" huiharibu simulizi kabla ya kuihakiki.

Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, anatupa ushahidi. Serikali ilimweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathare mwaka 1945. Alipoachiliwa mwaka 1947, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa katika vita vya 1895. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, si mbali na Lwakhakha, na watu 11 wakafa. Kwa wafuasi wake Masinde alikuwa nabii. Kwa watawala, mwendawazimu na mchochezi. Ukimwita "mganga" umekwisha kuchagua upande, hata kama hukukusudia.

Wala si mambo ya kale tu. Katika mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, neno laibon lilirudi katika taarifa kuhusu Wasabaot.

5. Funzo kwa uhakiki

Tukirejea fasihi ya Kiswahili, tofauti hizi zinatusaidia kusoma vizuri zaidi. Fumo Liyongo hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, lakini si mganga: ajabu yake imo mwilini, haikutokana na dawa wala kafara. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya 1969, yuko kinyume chake. Anatoa maji na neno, na wapiganaji ni wengine. Tanzia inazaliwa pale neno linapomponyoka na kuwa kubwa kumliko. Mhakiki anayewaweka wawili hawa chini ya jina "shujaa-mganga" hataiona tanzia hiyo.

6. Hitimisho

Hatupingi uazimaji, pasipo huo Kiswahili chenyewe kisingekuwapo. Tunachopinga ni kuazima jina na kuacha kazi ya mwenye jina. Orkoiyot na abaki orkoiyot, omung'osi abaki omung'osi, na maelezo yafuate kwa Kiswahili cha wazi. Sentensi zetu zitarefuka kidogo. Waliopelekwa Gwassi walilipia ufupi.