Ugonjwa wa Kucheka: Wahusika wa Fumbo la Kashasha, 1962

Ugonjwa wa kucheka ulianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya kati ya wasichana ya Kashasha, shule ya bweni iliyoendeshwa na misheni, maili 25 hivi kutoka mji wa Bukoba. Wasichana watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Siku zilizofuata wenzao wakaanza kupatwa, na shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameugua. Wakati huo Muleba, ilipo Kashasha, ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Bukoba, Mkoa wa Ziwa Magharibi, na Tanganyika ilikuwa na wiki saba tu tangu ipate uhuru.

Wahusika wa kwanza wa kisa hiki ni wanafunzi wenyewe, wasichana wa umri wa miaka 12 hadi 18. Shambulio lilianza ghafla. Mgonjwa alicheka, kisha akalia, kwa dakika chache au kwa saa kadhaa; akatulia, halafu hali ikarudi. Wengine hawakutulia mahali pamoja, na waliposhikwa ili wazuiwe walipambana kwa nguvu. Wapo waliosema kuna vitu vinavyotembea kichwani mwao, na wapo walioogopa kwamba mtu anawafukuza. Ugonjwa ulidumu kwa saa chache kwa baadhi yao, na kwa wengine hadi siku 16. Katika muda huo mwanafunzi hakuweza kusoma, na ilikuwa kazi ngumu kumwangalia. Hakuna aliyekufa.

Walimu wanahesabiwa miongoni mwa wahusika kwa sababu hawakuugua. Kashasha ilikuwa na walimu watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu, waliokuwa na wasichana hao kila siku, na hakuna hata mmoja aliyepatwa. Kama chanzo kingekuwa vijidudu au sumu iliyomo katika mazingira ya shule, ingekuwa vigumu kueleza jinsi ilivyowaruka watu wazima wote na kuwapata vijana zaidi ya nusu.

Kufungwa kwa shule hakukuukomesha ugonjwa. Wasichana walirudishwa makwao, na baadhi yao walikuwa wenyeji wa Nshamba, ambako leo ni Wilaya ya Muleba. Katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 waliugua huko, katika eneo lenye wakazi wapatao 10,000. Wengi wao walikuwa watoto wa shule na vijana, wa kike kwa wa kiume. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wanafunzi wengine 57 wakaugua, na mwisho wa Juni ikafungwa kwa mara ya pili. Mwezi huohuo ugonjwa ulifika shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, ambako wanafunzi 48 kati ya 154 walipatwa na shule ikafungwa. Kutoka Ramashenye ulifuata njia ya nyumbani tena: kijijini Kanyangereko, maili 20 kutoka Bukoba, uliwapata watu wa familia, na shule mbili za wavulana za jirani nazo zikafungwa. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba hadi ulipokwisha, shule 14 zilikuwa zimefungwa na watu wapatao 1,000 wameugua.

Wananchi walikuwa na maelezo yao. Kwa Kihaya hali hiyo iliitwa kwa jina lenye maana ya ugonjwa wa kucheka, au akajanja, yaani wazimu. Wapo walioushuku unga wa mahindi uliopikwa shuleni. Wengine walisema hewa imetiwa sumu na milipuko ya mabomu ya atomiki. Shaka hiyo ilikuwa na sababu zake. Ufaransa ilikuwa imelipua mabomu ya nyuklia katika jangwa la Sahara tangu 1960, jambo lililopingwa vikali barani Afrika, na mwezi Oktoba 1961 Muungano wa Kisovyeti ulilipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kujaribiwa.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip ndio walioandika taarifa ya uchunguzi, iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Wagonjwa walipimwa miili yao, na damu pamoja na maji ya uti wa mgongo yakachunguzwa ili kutafuta dalili za homa ya ubongo au virusi. Kilichoonekana kwa baadhi yao ni mboni za macho zilizopanuka na kano zilizoshtuka kupita kawaida zilipogongwa. Hapakuwa na degedege wala kupoteza fahamu. Chakula kilichunguzwa pia, na hakikuonyesha sumu ya kueleza yaliyotokea. Katika tamthilia za televisheni za mafumbo ya tiba, kipimo cha mwisho ndicho kinachomtaja adui; Bukoba kila kipimo kilirudi bila jina.

Jibu lilitafutwa kwa kuangalia nani aliugua na nani hakuugua. Kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine muda mfupi kabla, na dalili zilijitokeza baada ya saa chache au siku chache. Ugonjwa haukuenea ovyo katika nchi, bali ulisafiri na wanafunzi kutoka bwenini hadi nyumbani. Watu wazima waliosoma na wenye madaraka waliepuka. Kwa hoja hizo madaktari walihitimisha kwamba ni histeria ya halaiki: mfadhaiko unaojitokeza mwilini na kuenea kwa kuona na kusikia, katika kundi la watu wanaoishi pamoja na kubeba mzigo mmoja. Uamuzi huo haukuwa na maana kwamba wasichana walijifanya. Dalili zilikuwa za kweli, na wenye kupatwa hawakuwa na uwezo wa kuziamuru zikome.

Kashasha haikuwa peke yake. Mwaka 1964 daktari wa Uganda, Benjamin Kagwa, aliandika kuhusu histeria ya halaiki katika Afrika Mashariki, akiunganisha kicheko cha Bukoba na matukio ya watu kukimbia ovyo yaliyotokea Uganda. Mwaka 1968 G. J. Ebrahim naye alichapisha maelezo ya milipuko mitatu miongoni mwa watoto wa shule katika kanda hiihii. Maelezo ya baadaye yaliutafuta mfadhaiko wenyewe katika maisha ya bweni: nidhamu kali ya shule za misheni, matarajio makubwa ya wazazi kwa watoto wachache waliopata nafasi ya elimu, na mabadiliko ya haraka ya miaka ya uhuru.

Kadiri kisa kilivyosimuliwa ng'ambo, ndivyo kilivyopotoshwa. Vitabu na magazeti yalieleza juu ya watu waliocheka mfululizo kwa miezi, eti kwa sababu ya mzaha uliosemwa darasani. Mwaka 2007 Christian Hempelmann, mtaalamu wa isimu na ucheshi, aliirudia taarifa ya 1963 na kuonyesha kwamba kicheko kilikuja kwa vipindi, kikichanganyika na kilio, woga na fujo. Kilikuwa dalili mojawapo ya mfadhaiko, na hakikuwa na furaha ndani yake. Kilichodumu kwa miezi ni mlipuko wenyewe, uliopita kutoka mtu hadi mtu.

Mkoa wa Ziwa Magharibi, ulioitwa baadaye Kagera, uliendelea kukutana na magonjwa yasiyojulikana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humo mwaka 1983. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa ajabu ulizuka katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba, na tarehe 21 maabara ikathibitisha kwamba ni virusi vya Marburg. Watu tisa waliugua, mmoja wao akihesabiwa bila uthibitisho wa maabara, na sita walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Safari hii maabara ilikuwa na jina la kutoa. Lakini kazi ya kuuzuia ilikuwa ileile ya 1962: kuandika nani aliugua, siku gani, na alikuwa amekutana na nani.