Ubao ukivunjika, meli inarudi nyumbani

Wasee, kuna boti ya tanga ambayo ikishika upepo inaanza kuvuma chini ya miguu yako, kama nyaya za stima siku ya upepo mkali. Inaitwa Catalina 22. Frank Butler alianza kuitengeneza California mwaka wa 1969, na zimeundwa zaidi ya 15,000. Nyingi za zile za zamani zina mkuku wa kukunja, na mvumo huo ni waya unaoubeba mkuku kutetemeka majini. Huo hauna noma. Cha kuogopa ni mlio mwingine, ule wa "go, go, go" boti ikiwa imetia nanga. Tutafika hapo.

Lakini mtu anakunja mkuku kwa nini? Mkuku wa mashua zetu za Lamu ni mti mmoja mrefu chini ya chombo. Maji yakipwa, mashua inalala ubavu mchangani, na hakuna anayelia. Shida ni kwamba mkuku usioenda chini sana haushiki maji, kwa hivyo upepo wa ubavuni unakusukuma kando. Ukiurefusha kwenda chini unashika vizuri, ila sasa huwezi kuingia maji machache. Ukitaka yote mawili, lazima upande na kushuka.

Ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, John Schank, aliijaribu akili hiyo Boston mwaka wa 1774, kwa ubao unaoteremka wima katikati ya boti. Mwaka wa 1798 ikaundwa Lady Nelson, tani 60 tu, yenye mbao tatu za aina hiyo. Watu waliicheka. Ikafika Sydney Desemba 1800, kicheko kikaisha.

Halafu 1802 ikafuatana na Matthew Flinders na meli yake Investigator kupanda pwani ya mashariki ya Australia. Huko kwenye miamba ubao mkubwa ukaenda, na wa nyuma ukavunjika kipande. Bila hizo mbao chombo kilikuwa kinateleza kando tu, hakiwezi kwenda na mwenzake. Oktoba, Flinders akakirudisha Sydney. Safari ya kuchora pwani ya bara zima, na wewe unarudishwa nyumbani kwa sababu ya ubao!

Mwaka wa 1811 akina Swain wa New Jersey wakapata hataza ya ubao unaozunguka kwenye pini. Ukigonga mwamba unajikunja nyuma badala ya kuvunjika. Manze, kitu kidogo hivyo. Ila sasa mzigo wote umehamia kwenye pini.

Kwenye Catalina, chuma cha karibu kilo 250 kinaning'inia kwenye pini ya unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Unazungusha winchi ndani ya boti, na kina kinapungua kutoka mita 1.5 hadi sentimita 60. Boti inapanda trela, unaivuta na gari hadi nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kumiliki boti bila kulipia nafasi bandarini.

Sasa ule mlio. Chuma kikicheza miaka na miaka, pini inalika na tundu linakuwa kama yai. Boti inyanyuliwe, mkuku uegemezwe vizuri kabla hujagusa bolti hata moja. Tundu linatobolewa upya, linavishwa bushi, na pini mpya inaingia. Kutu inakwanguliwa hadi chuma king'ae, kisha kinapakwa epoksi. Waya usisubiri ukatike, badilisha. Ukikatika mkuku ukiwa juu, kilo 250 zinashuka kwa kishindo na zinaweza kupasua boti. Winchi kuukuu nayo ikiteleza, mpini wake unazunguka kama feni. Mkono wako usiwe hapo.

Na ukishaushusha mkuku, kaza ile bolti ya kuuzuia kabla ya kutweka tanga. Wengi huisahau, na boti ikilala sana, mkuku unajirudia ndani wakati ambapo unauhitaji zaidi.