Mzenga ya Kisarawe: Ardhi, Reli na Mkaa

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, upande wa magharibi ya wilaya hiyo. Kaskazini yake umetanda Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini, ambao sehemu yake moja iko Kisarawe na nyingine Kibaha. Kusini yake ni njia ya Maneromango. Anayetoka Dar es Salaam hufika Mzenga kwa njia mbili: hupanda treni ya TAZARA na kushuka kwenye stesheni yenye jina la kijiji, au hufuata Barabara ya Morogoro hadi Mlandizi, kisha akakata kusini kwa barabara inayopita Mzenga kwenda Maneromango na Vikumburu. Jiji liko karibu kiasi cha gunia la mkaa kuondoka alfajiri na kuuzwa Dar es Salaam siku hiyohiyo. Ukaribu huo ndio ulioipa Mzenga riziki kwa zaidi ya karne moja, na ndio uliowaondoa vijana wake na miti yake.

Ardhi yenyewe ni ya vilima vifupi na mabonde. Juu ya vilima udongo ni wa kichanga, mwekundu au wa kijivu. Hauhifadhi maji, lakini muhogo na mkorosho huupenda. Mabondeni kuna udongo mzito mweusi ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na huko ndiko hulimwa mpunga. Mvua huja mara mbili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vuli haitabiriki, na mkulima wa Uzaramo, kama nchi hii inavyoitwa, hategemei mahindi peke yake: hupanda muhogo kwanza, kwa sababu hukaa ardhini ukisubiri hata mvua ikikosa. Kunde, mbaazi, ufuta, nanasi, embe na machungwa hufuata. Vijito vingi ni vya msimu, kwa hiyo maji ya kiangazi hutafutwa kwenye visima na malambo. Maji haya ya juu ya ardhi huelekea Mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru na kuingia baharini kaskazini ya Bagamoyo. Mto huo ndio unaoinywesha Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, iliyoanza mwaka 1959, na ile ya Ruvu Chini ya mwaka 1976.

Wenyeji wa nchi hii ni Wazaramo. Masimulizi yao yanawatoa upande wa Uluguru na Ukutu, na lugha inaunga mkono masimulizi hayo, kwani Kizaramo, Kikutu, Kikwere, Kiluguru na Kidoe ni lugha za jamaa moja. Jina kubwa katika tarehe ya Uzaramo ni la Pazi, shujaa anayesimuliwa kuwa aliwasaidia Mashomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba waliokuwa wakiwashambulia. Kwa msaada huo Mashomvi wakakubali kuwatolea Wazaramo ada kila mwaka, na jina la Pazi likageuka cheo kilichorithiwa. Hata hivyo Uzaramo haukuwahi kuwa na mfalme mmoja. Kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, na ukoo ulifuatwa upande wa mama, ingawa mtoto alichukua pia jina la upande wa baba.

Mambo mawili yaliwafunga watu hawa pamoja kuliko utawala wowote. La kwanza ni malezi ya mwali: binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wazima, kisha akatolewa kwa ngoma chini ya mti wa mkole. Mtafiti Marja-Liisa Swantz aliishi miaka kadhaa miongoni mwa Wazaramo na mwaka 1970 akachapisha kitabu kizima juu ya mila hizo; ni miongoni mwa maandishi yanayoingia kwa kina ndani ya maisha ya wanawake wa Uzaramo. La pili ni Kolelo, mzimu wa pangoni huko Uluguru. Watu walisafiri siku nyingi kwenda kumwomba mvua, na neno lililotoka kwake lilisikilizwa Uzaramo kote.

Kabla ya pamba, korosho na mkaa, zao la biashara la nchi hii lilikuwa sandarusi. Ni utomvu wa mti wa msandarusi ulioganda, na ule wenye thamani zaidi ulikuwa umelala ardhini miaka mingi hata baada ya mti wenyewe kuoza na kutoweka. Wachimbaji walingoja mvua ilainishe mchanga, wakachimba mashimo mafupi kwa jembe, wakapepeta udongo kwa vidole na kutoa vipande vya rangi ya asali. Chini ya ganda la uchafu, kipande kizuri kilikuwa na uso wa vipele vidogovidogo, na vipele hivyo ndivyo mnunuzi alivyovitazama kwanza. Mzigo ulishuka Bagamoyo, Mbwamaji na bandari nyingine ndogo, ukavuka kwenda Unguja, na kutoka huko ukapelekwa Ulaya, India na hasa Salem, Marekani, kutengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi. Katika karne ya 19 sandarusi ya Uzaramo ilihesabiwa kuwa bora kuliko zote duniani. Uchimbaji ulikuwa mikononi mwa wenyeji wenyewe, nao ndio walioamua wachimbe lini na wamuuzie nani. Uhuru huo haukurudi tena katika zao lolote lililofuata.

Misafara ya bara ilipita Uzaramo ikifuata bonde la Mto Ruvu, ambao sehemu yake ya chini ilijulikana kwa jina la Kingani. Kwenye njia hiyo, mwaka 1845, msafiri Mfaransa, Maizan, aliuawa mahali palipoitwa Dege la Mhora. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, na habari walizoandika zimebaki miongoni mwa maelezo ya mwanzo ya vijiji vya Uzaramo vilivyozungushiwa ua wa miti.

Utawala wa Wajerumani ulifika na mambo matatu: misheni, kodi na pamba. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakafungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895. Maneromango ikawa jirani mwenye shule na kanisa, lakini vijiji vingi vya Uzaramo, vya Mzenga vikiwemo, viliingia katika Uislamu uliokuwa ukipanda kutoka pwani pamoja na biashara. Pamba ndiyo iliyoumiza. Kuanzia mwaka 1902 Gavana von Götzen aliamuru katika wilaya ya Dar es Salaam, ambayo ilijumuisha Uzaramo, kila jumbe awe na shamba la pamba la pamoja. Watu walilazimishwa kulima hapo siku 28 kwa mwaka, siku ambazo mashamba yao wenyewe yalihitaji palizi. Malipo yalipotoka, kila mmoja alipewa senti 35, na wako waliozikataa.

Vita vya Maji Maji vilipolipuka Umatumbi mwaka 1905, vilipanda hadi Uzaramo. Huku habari ya maji ya dawa iliungana na jina la Kolelo, na ikasemwa kuwa Kolelo amekataza watu kulipa kodi. Kusini ya Kisarawe, Jumbe Kibasila wa Kisangire aliyepinga pamba alinyongwa na Wajerumani. Shule ya sekondari ya Kibasila, Dar es Salaam, imebeba jina lake hadi leo. Ukandamizaji uliacha njaa vijijini, na wengi wakaanza kutafuta kazi mjini. Mwaka huohuo wa 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam, na kufikia mwaka 1907 reli ilikuwa Morogoro. Ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikauacha msitu mzima kati yake na Mzenga.

Chini ya Waingereza Kisarawe ikawa makao ya wilaya, na Msitu wa Ruvu Kusini, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 30,000, ukatangazwa hifadhi. Mstari huo wa ramani ulikuwa na maana kubwa kwa Mzenga. Msitu uliokuwa wa kuwindia, kuchimbia dawa na kuhamishia mashamba udongo unapochoka ukawa mali ya serikali, na kijiji kikabaki mpakani mwake.

Reli ilipofika Mzenga ilitoka China. Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kujenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, tarehe 5 Septemba 1967, baada ya mataifa ya Magharibi kukataa kuugharimia mradi huo. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na maelfu ya Wachina wakafanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia. Sehemu ya kwanza, kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, yenye urefu wa kilomita 502, ilikamilika mwaka 1971. Kwa hiyo Mzenga ilikuwa na reli miaka mitano kabla ya njia nzima ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi kukabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Lengo la wakuu lilikuwa shaba ya Zambia ipite bila kutegemea njia za Rhodesia, Msumbiji na Angola zilizokuwa chini ya wakoloni na walowezi. Kwa kijiji, lengo hilo lilikuwa la mbali. Kilichoonekana ni stesheni, taa, nyumba za wafanyakazi na treni ya kawaida inayosimama, ambapo kina mama husogea madirishani na sinia za muhogo wa kukaanga, mananasi na embe.

TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, ilhali Reli ya Kati ni ya milimita 1,000, kwa hiyo mabehewa ya njia moja hayawezi kupita kwenye nyingine. Njia hizo mbili zinalizunguka eneo la Ruvu Kusini bila kukutana. Mzigo wa TAZARA ulipanda hadi tani milioni 1.2 katika miaka ya 1980, kisha ukaporomoka: mwaka wa fedha 2014/15 haukufika hata tani 100,000. Treni zilipopungua, stesheni ndogo ndizo zilizoumia kwanza, maana bidhaa za mkulima hazisubiri treni iliyochelewa siku nzima.

Miaka ileile ya ujenzi wa reli, watu wa Uzaramo walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mpaka mwisho wa mwaka 1976 kila Mtanzania wa mashambani awe amehamia. Kaya za Kizaramo zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mikorosho, miembe na makaburi yake, zilikusanywa kandokando ya barabara. Huduma zilisogea: shule, zahanati, duka la ushirika. Mikorosho ilibaki nyuma, mbali na macho, bila kupaliliwa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaikuta hivyo. Nchini kote uzalishaji wa korosho ulishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kwa Kisarawe lilikuwa pigo la fedha taslimu, na pengo hilo likajazwa na mkaa.

Mchoma mkaa hukata miti migumu, miyombo na mingineyo inayotoa mkaa mzito, akaiacha inyauke. Magogo hupangwa kwa kubana, mazito katikati, yakafunikwa kwa majani na kisha udongo, na moto ukawashwa upande mmoja. Kuanzia hapo kazi ni ya kulinda usiku na mchana kwa siku nyingi, kwa kutazama moshi. Moshi mzito mweupe ni maji yanayotoka. Moshi ukiwa mwembamba wa samawati, mkaa umeiva. Tanuru likibomoka na hewa ikaingia, jasho la wiki nzima huwa majivu. Magunia hujazwa lumbesa, yakasukwa mdomo kwa kamba na majani, na kubebwa na baiskeli na pikipiki.

Soko la mkaa huo ni jiji. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake iliishia Dar es Salaam. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima misitu ya ukanda huu na kuonyesha kuwa eneo kuu la uchomaji lilisogea kutoka kilomita 20 za jiji mwaka 1991 hadi kilomita 50 mwaka 2005. Wimbi hilo lilipita juu ya Ruvu Kusini. Wakala wa Huduma za Misitu, ulioanza kazi mwaka 2011, hukamata magunia na kuvunja matanuru hifadhini, lakini mwenye tanuru ni mnyonge kuliko wote katika mnyororo huu, na faida kubwa iko kwa wasafirishaji na wauzaji wa mjini. Mkakati wa serikali wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ukifanikiwa, vijiji vya Mzenga vitahitaji zao jingine la fedha, na mkakati wa haki unapaswa kuwafikiria wao pia.

Sensa zinaeleza upande wa watu. Kisarawe ilikuwa na watu 95,614 mwaka 2002 na 101,598 mwaka 2012, ongezeko dogo mno kwa miaka kumi, wakati Dar es Salaam ilitoka chini ya milioni 2.5 ikapita milioni 4.3. Vijana wengi walihamia mjini. Wengi wa waliobaki walikuwa wazee, wanawake na watoto, na mashamba yakapungua. Wageni walioingia ni wafugaji, hasa baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, na wakulima wa mkoa huu hugombana nao juu ya maji na mazao yaliyoliwa.

Barabara ya Mlandizi kupitia Mzenga hadi Maneromango ndiyo inayobeba nanasi, muhogo na mkaa kwenda Barabara ya Morogoro, na wakati wa masika matope yake hupandisha nauli na kushusha bei ya mkulima. Reli ya tatu, ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nayo inapita Soga, kaskazini ya msitu. Tarehe 4 Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Makubaliano hayo yanahusu kwanza shaba na kontena za masafa marefu. Kwa Mzenga kilicho na uzito ni ratiba ya treni ya kawaida na mabehewa ya kupakia mazao ya stesheni ndogo.