Dawa isiyoua magugu, mbegu isiyoota: Nani humlipa mkulima wa Kasese?

Kila msimu wa kupanda unapokaribia, maduka ya pembejeo ya Kasese mjini, Hima na Bwera hujaa wanunuzi wa mbegu, mbolea na dawa za kuua magugu. Majuma machache baadaye huanza malalamiko. Magugu yamenyauka ncha tu, kisha yamechipua upya. Mahindi yaliyouzwa kuwa chotara yameota kwa kurukaruka, mengine marefu, mengine yamedumaa. Neno linalotumika ni moja: feki. Sokoni neno hilo latosha. Mahakamani halitoshi, na katika ofisi ya bima laweza hata kumponza mdai, kwa kuwa limebeba mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha.

La kwanza ni bidhaa bandia: chupa ya zamani iliyojazwa kitu kingine na kubandikwa jina la kampuni isiyohusika. La pili ni bidhaa halali lakini yenye kasoro, ama ilitengenezwa vibaya, ama iliharibika njiani na ghalani, kama mbegu iliyopata unyevu. La tatu, ambalo husahaulika, ni bidhaa halisi isiyo na kasoro inayoonekana wala isiyomdhuru mtu, ila tu haikufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Hasara ya mkulima huweza kulingana katika hali zote tatu. Mlipaji hubadilika.

Tatizo lenyewe limepimwa. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2017, uliochunguza pembejeo katika masoko ya Uganda, ulikadiria kuwa mbolea iliyouzwa ilipungukiwa virutubisho kwa asilimia 30, na kwamba mbegu za mahindi chotara zilikuwa na chini ya nusu ya mbegu halisi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulipima dawa za magugu aina ya glaifoseti. Kwa wastani chupa ilikosa asilimia 15 ya kiambato kilichoandikwa, na karibu chupa moja katika kila tatu ilikuwa na chini ya robo tatu ya kiasi hicho. Tarakimu hizo za dawa zastahili kutazamwa mara mbili. Chupa yenye asilimia 85 ya kiambato si maji matupu. Ni dawa iliyopunguka, na mkulima aliyeinunua atapata tabu kuthibitisha kwamba ilikuwa “feki”, ilhali angeweza kuthibitisha kwa urahisi zaidi kwamba haikulingana na maandishi yaliyo juu yake.

Muuzaji kwanza

Sheria inayomgusa mnunuzi kwa karibu zaidi ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya sheria ya zama za ukoloni. Hata kama muuzaji na mnunuzi hawakuandikiana lolote, sheria huchukulia kwamba katika mauziano yao mna masharti: bidhaa ilingane na maelezo yake, iwe na ubora unaostahili kuuzwa, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Dhima hii haitegemei uzembe. Mwenye duka hawezi kujitetea kwa kusema kwamba chupa ilikuja imefungwa kutoka Kampala na yeye hakujua kilichomo. Anaweza kumgeukia aliyemuuzia kwa jumla, lakini hilo ni shauri lake mwenyewe, na mteja hatakiwi kulisubiri.

Mazungumzo ya dukani yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mteja anayesema, “Shambani kwangu kuna magugu ya namna hii, nipe dawa inayoyafaa,” ameutegemea ujuzi wa muuzaji, na sheria humlinda kuliko yule aliyetaja jina la chupa, akalipa na kuondoka nayo. Kuhusu tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, tangazo hilo lamhusu aliyebadili nia. Kwa lenyewe halimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kisichokuwa kile alichodai kuuza.

Tuchukue mfano, kwa tarakimu za kubuni. Mkulima wa kata ya jirani na Bwera ananunua lita tatu za dawa kwa shilingi 60,000. Magugu hayafi. Anaajiri vibarua kwa shilingi 240,000 kulipalia shamba, na kwa kuchelewa anavuna magunia manne pungufu ya msimu uliotangulia. Muuzaji mwema atamrudishia 60,000 na kudhani mambo yamekwisha. Kisheria hayajaisha: fidia huhesabiwa kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kwa kawaida na kuvunjwa kwa sharti, na gharama ya palizi ni hasara ya namna hiyo hasa. Magunia yaliyopungua yanaweza kudaiwa pia, ila hapo mdai atabanwa kuhusu mvua, wadudu na tarehe aliyopanda.

Mtengenezaji yuko mbali zaidi. Mkulima hana mkataba naye. Njia iliyopo ni madai ya uzembe, ambayo mizizi yake iko katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyotokana na kinywaji kilichonunuliwa Paisley, Scotland, mwaka 1928. Mama mmoja alinunuliwa kinywaji hicho na rafiki yake, akadai kumkuta ndani ya chupa konokono aliyeoza. Mwaka 1932 majaji wakuu wa Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji huwajibika kwa mtumiaji hata asipokuwa mnunuzi, na mahakama za Uganda zimerithi kanuni hiyo. Lakini kanuni ya konokono ilizaliwa kwa ajili ya madhara: mwili uliougua, mali iliyoharibika. Dawa iliyounguza ngozi ya mpuliziaji, au iliyokausha mahindi badala ya magugu, inaingia humo bila shida. Dawa ambayo haikufanya kitu chochote imesababisha hasara ya fedha tu, na mahakama zinazofuata mapokeo ya Kiingereza kwa kawaida husita kutoa fidia ya hasara ya namna hiyo kwa msingi wa uzembe. Ndiyo maana muuzaji wa karibu, mwenye mkataba, hubaki mdaiwa mkuu.

Bima hulipa nini?

Kampuni kubwa za pembejeo huweza kukata bima ya dhima ya bidhaa. Sheria ya Uganda haiwalazimishi, tofauti na bima ya magari kwa watu wa tatu. Anayekata bima hiyo hununua ulinzi dhidi ya madai ya watu wengine walioumizwa, au ambao mali yao imeharibiwa na bidhaa yake. Mkulima hadai bima moja kwa moja. Humdai mwenye bidhaa, naye akionekana ana dhima, bima humlipia.

Hapa ndipo tofauti ile ya mwanzo inapouma. Mikataba ya kawaida ya bima ya dhima ya bidhaa huwa na vipengele vya kutenga mambo fulani. Gharama ya kubadilisha bidhaa yenyewe haimo. Gharama ya kuiondoa sokoni haimo. Na mara nyingi kuna kipengele kinachosema kwamba bima haitalipa madai yanayotokana na bidhaa kushindwa kutimiza kazi iliyokusudiwa. Kwa lugha nyepesi: dawa ikikuunguza, bima ipo, dawa isipoua magugu, bima haipo. Kampuni za bima zina hoja yao. Kama zingelipia kila bidhaa isiyoleta matokeo, zingekuwa zimemdhamini mfanyabiashara asiyejali ubora, naye angepata faida huku wao wakibeba hasara.

Kipengele hicho huweza kuondolewa kwa nyongeza ya mkataba na kwa malipo makubwa zaidi. Marekani, kwa mfano, wauzaji wa mbegu hununua bima mahususi ya makosa ya kitaaluma, inayolipa mbegu isipoota au mkulima anapopewa aina ambayo siyo aliyoagiza. Msambazaji wa Kasese au Hima anayetaka ulinzi wa kweli hana budi kuuliza swali hilo kabla ya kutia saini: bidhaa ikishindwa kazi bila kumdhuru mtu, mtalipa? Jibu liwe kwa maandishi ndani ya mkataba, si kwa mdomo wa wakala. Akiona amezungushwa, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017.

Bidhaa bandia ina ugumu wake. Kampuni iliyoibiwa jina haikuitengeneza, kwa hiyo haina dhima, na bima yake haina la kulipa. Aliyeighushi hajulikani, na hata akijulikana, bima haimlipii mtu hasara ya udanganyifu wake mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo na Sheria ya Mbegu na Mimea, zote za mwaka 2006, huwapa maofisa uwezo wa kukamata na kushtaki, lakini faini huingia hazina ya serikali. Anayebaki mbele ya mkulima ni mwenye duka tu.

Wengi huuliza kama mpango wa serikali wa bima ya kilimo, ulioanza mwaka 2016, haufidii hasara hiyo. Mpango huo, ambao serikali huchangia nusu ya malipo ya mkulima mdogo, uliwekwa kwa ajili ya maafa kama ukame, mafuriko, mvua ya mawe na milipuko ya wadudu na magonjwa. Mkulima wa kando ya Mto Nyamwamba anayekumbuka mafuriko ya Mei 2020 anaelewa manufaa yake. Chupa iliyopunguka kiambato si afa la asili.

Yaliyotokea Kenya mwaka 2024 yaonyesha jinsi fidia inavyoweza kusimama njiani. Mbolea isiyofikia viwango ilipogunduliwa katika mpango wa ruzuku, serikali iliahidi kuwafidia wakulima kwa mbolea nyingine, na tarehe 2 Mei Bunge lilipiga kura kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, ambaye baadaye kamati maalumu ilimwondolea lawama. Mfuko kwa mfuko ni malipo ya bidhaa. Msimu uliopotea ni hesabu nyingine.

Ushahidi na mahakama

Tangu kanuni za mwaka 2011, mahakama za mahakimu nchini Uganda zina utaratibu wa madai madogo, kwa mashauri yasiyozidi shilingi milioni 10, ikiwemo mauziano ya bidhaa. Mdai hujieleza mwenyewe bila wakili. Kwanza humpa mdaiwa notisi ya madai na siku 14 za kulipa, kisha hufungua shauri kwa karani wa mahakama. Madai mengi ya wakulima wadogo yanaingia humo.

Yanayoyaangusha ni ushahidi. Risiti yenye jina la duka, tarehe na jina la bidhaa ndiyo nguzo, ikifuatiwa na kifungashio chenye namba ya toleo na mabaki ya dawa au mbegu yenyewe. Utetezi wa muuzaji hujulikana mapema: ulichanganya vibaya, ulipuliza kabla ya mvua, ulichelewa kupanda. Afisa ugani wa kata akiitwa mapema na kuandika alichokiona, utetezi huo hupungua nguvu. Wizara ya Kilimo ina maabara ya kemikali Namalere, wilayani Wakiso, lakini kutoka Kasese ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300, na kwa dai la shilingi 300,000 safari hiyo haina maana. Wakulima kumi waliotumia dawa ya toleo moja wakishirikiana kupima chupa moja, hesabu hubadilika.

Mpakani Mpondwe kuna jambo la ziada. Mnunuzi wa Kasindi au Beni aliyenunua katika duka la Bwera amefanya mkataba Uganda na anaweza kudai huko huko. Aliyenunua kwa mchuuzi aliyevuka daraja siku ya soko na kurudi Congo jioni ana haki kwenye karatasi, lakini hana wa kumpelekea notisi.

Wako pia wakulima wanaosimama upande wa pili wa dhima. Katika skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, wapo wanaozalisha mbegu za mahindi kwa mkataba na makampuni. Mbegu hizo zikichanganyika na za shamba la jirani, kampuni itakayodaiwa inaweza kuwageukia wao, na bima ikishalipa huingia mahali pa mteja wake na kurithi haki yake ya kudai. Kipengele cha kusoma kwanza katika mikataba hiyo ni kile kinachotaja nani hubeba hasara kati ya siku mbegu inapopimwa shambani na siku inapopokelewa na kampuni.