Udaktari wa familia: masomo magumu, kazi isiyojulikana

Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha shahada ya uzamili ya udaktari wa familia, ya kwanza nchini Kenya. Madaktari waliojiunga hawakufungiwa katika hospitali kubwa ya rufaa. Sehemu kubwa ya mafunzo ilifanyika katika hospitali ya wilaya ya Webuye na katika hospitali za misheni: Chogoria, Kijabe na Tenwek.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hospitali ya wilaya mara nyingi haina bingwa wa kuitwa usiku. Mama akishindwa kujifungua, daktari wa zamu ndiye atakayempasua; kukicha, huyo huyo anasubiriwa na mtoto mwenye nimonia, kijana aliyevunjika mguu na mzee ambaye kisukari chake kimepanda. Kwa hiyo mwanafunzi alizungushwa wodi zote, na kote alitakiwa afikie kiwango cha kuaminiwa peke yake. Anayesomea macho hubaki kwenye macho. Huyu hana pa kuishia, na wanaodhani kuwa amechagua njia nyepesi hawajawahi kukesha naye.

Mataifa tajiri nayo yalichelewa. Uingereza ilipata chuo cha kitaaluma cha madaktari hawa mwaka 1952, lakini mafunzo maalumu yalikuja kuwa sharti la kisheria mwaka 1981. Marekani iliutambua udaktari wa familia kuwa ubingwa mwaka 1969.

Kenya ilijikwaa kwingine. Waliojitokeza kusoma walikuwa wachache, na waliohitimu walikuta waajiri wasiojua wawaweke wapi. Wengine walikabidhiwa kazi za utawala, faili zikachukua nafasi ya wagonjwa. Daktari kijana akiyaona hayo, kwa nini asikimbilie upasuaji au magonjwa ya watoto, ambako cheo na kipato vinajulikana tangu mwanzo?

Mwaka 2018 serikali ilitafuta njia ya mkato. Madaktari 50 walipelekwa Cuba, nchi iliyokuwa na mpango wake wa daktari wa familia tangu 1984. Ilibidi kwanza wajifunze Kihispania, mbali na jamaa zao. Mwezi Machi 2019 mmoja wao alifariki dunia jijini Havana, na kilio kikawa kikubwa nyumbani. Chama cha madaktari kilikuwa kimeuliza mapema: mbona wapelekwe ng'ambo ilhali masomo hayo yapo nchini? Swali hilo lilistahili jibu kabla ya safari.

Mwaka 2023 Kenya ilipata Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, inayoweka mitandao ya vituo vya afya karibu na wananchi. Mitandao hiyo inamhitaji daktari wa familia kuliko bingwa mwingine yeyote. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, basi magavana watenge nafasi za ajira za madaktari hawa katika bajeti zao na kuzitangaza, ili anayejiunga na masomo leo ajue atakakofanya kazi.