Mkia wa -ni Katika Pwani ya Mrima

Ukitoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini, bahari ikiwa kuliani, utapita Msasani, Mbweni na Mlingotini kabla ya Bagamoyo. Mbele zaidi ni Saadani, kisha Pangani. Mkia ni uleule, -ni. Ndio uliogeuza mlingoti ukawa mahali, na hata neno pwani lenyewe linao.

Kibantu cha kale hakikusema hivyo. Kilitaja mahali kwa viambishi vya mwanzo, na Wanyamwezi walioshusha pembe za ndovu Bagamoyo katika karne ya 19 walikuwa navyo bado: mu-, ku-, ha-, vyote vikitangulia nomino. Waswahili waliihamishia kazi hiyo mwishoni. Mwaka 1994 Ridder Samsom na Thilo Schadeberg waliandika, tena kwa Kiswahili, kwamba chanzo cha -ni ni ini, hili hili la mwilini. Nawaunga mkono, lugha nyingi za Afrika zimeokota maneno ya mahali kwenye viungo vya mwili.

Viambishi vya zamani havikufa, vilihamia kwenye vimilikishi: nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu. Kituruki hupanga kinyume, umiliki kwanza, mahali baadaye. Ev ni nyumba, evim nyumba yangu, evimde nyumbani kwangu. Anayekwenda husema evime, anayetoka evimden. Kwetu nyumbani haibadiliki, mzigo wote unabebwa na kitenzi: naenda, nipo, natoka.

Umiliki nao una mikia yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alipokwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900, aliwakuta Wajerumani wenye hali nne za nomino, lakini wasioweza kubana mke wake ikawa mkewe. Mikia hiyo sasa imejibanza kwa ndugu na jamaa, mwanangu, mumeo, nduguye, na hata huko babake inaisukuma babaye. Washairi ndio bado huandika jinale, mizani ikiwabana.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimrima, lahaja ya pwani hii, kikabaki cha mdomoni. Siku hizi -ni nayo inapokonywa kazi na kwenye: watu husema kwenye simu, kwenye kompyuta, wala simuni huisikii. Mtandaoni, hata hivyo, imepita bila kipingamizi.