Ng'ombe wa Jaji Raghunath

Awara, filamu iliyotoka Bombay mwaka 1951, husimuliwa kama mapenzi ya Raj, mwizi wa mjini, na Rita, mwanasheria. Ukiitazama kwa jicho la Usukuma, kutoka Maswa hadi Bariadi, mapenzi hayo yanasogea pembeni na kubaki kesi ya ukoo: mtoto huyu ni wa nani? Jaji Raghunath anamfukuza mkewe Leela akiwa mjamzito, kwa kuwa alitekwa na jambazi Jagga na minong'ono ikazagaa mtaani. Raj anazaliwa nje, analelewa na mama yake katika umaskini, anavutwa kwenye wizi na Jagga yuleyule, naye anakuwa kile ambacho jaji alizoea kukitamka mahakamani, kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi. Sasa, mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma, na uti wa mgongo wa mila hizo za ndoa ni mahari. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto waliozaliwa ndani ya ndoa. Pasipo ng'ombe, mtoto ni wa kwao mama. Swali la damu ya nani, linalomnyima jaji usingizi, huku lilikwisha kujibiwa zizini siku ng'ombe walipohesabiwa.

Utengenezaji wa filamu yenyewe una kejeli inayonoga. Raj Kapoor, aliyeiongoza kabla hajatimiza miaka 28, alitaka kuonyesha kuwa malezi hushinda damu, kisha akaijaza damu yake mwenyewe. Jaji ni Prithviraj, baba yake mzazi. Raj mdogo ni Shashi, mdogo wake. Hata yule mzee anayeketi kitini kuihukumu kesi ni Basheshwarnath, babu yake. Mwandishi K. A. Abbas, mtu wa mrengo wa kushoto, aliandika dhidi ya nasaba. Waigizaji wakaja kwa nasaba. Sehemu inayokumbukwa zaidi ni ndoto ya dakika tisa hivi, iliyochukua takribani miezi mitatu kupigwa: ngazi ndefu inayopotea katika mawingu, Rita juu akiwa amevaa nyeupe, Raj chini katikati ya moto akiomba atolewe, na Jagga anayevimba kama jitu, kisu mkononi. Hapo hahitajiki mkalimani.

Wapo watakaosema watu walifuata nyimbo tu, Kihindi hakuna aliyekijua. Nyimbo zilivuta, sikatai. Muziki wa Shankar na Jaikishan ulizunguka dunia hadi Urusi. Lakini mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, anaonyesha kwamba Zanzibar ya miaka ya 1950 Awara ilizua mazungumzo juu ya ndoa, mapenzi na mamlaka ya wazazi. Wimbo mtupu hauzui mabishano ya namna hiyo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: sinema ilikaa Dar es Salaam, Tanga, Mwanza, kwenye umeme na maduka ya Wahindi, wakati burudani ya Usukuma baada ya mavuno ilikuwa ngoma, vyama viwili hasimu vya Bagika na Bagalu vikishindana kuvuta umati. Ni kweli, na sidhani sinema ingewashinda. Ila pamba ilifungua njia. Vinu vingi vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Wahindi kabla ushirika wa wakulima wa pamba, wa akina Paul Bomani, haujaanza kuvichukua, na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 inapita Malampaka, ndani ya Maswa. Aliyepanda treni hapo alikuwa safari moja tu na mji wenye sinema. Baadaye zikaja kanda za video na vibanda umiza, na wasimulizi wa mtindo wa Lufufu wakiigeuza filamu ya kigeni kuwa hadithi ya Kiswahili. Ndipo hoja ya ukoo ilipoweza kusikika neno kwa neno.

Mwisho wa filamu, Raj anafungwa miaka mitatu; Raghunath anaomba msamaha. Mbele ya banamhala, wazee wa kijiji cha Kisukuma, wa kwanza kutozwa faini angekuwa jaji.